Mtegaji Asiyetegwa: Uhakiki wa Mamlaka ya Mwendesha Shindano la Runinga kwa Hadhira ya Arusha

Katika utegaji wa vitendawili, fanani husubiri hadhira imwambie "Tega!" ndipo aanze. Hadhira ikishindwa, hudai mji, akishapewa, hutegua. Kisha zamu huhama, na aliyetega hutegwa. Mamlaka yake, kwa hiyo, ni ya kuazimwa. Uhakiki huu unaitumia kaida hiyo kuwapima waendesha mashindano ya runinga, ambao huuliza bila kuulizwa. Hoja yake ni kwamba, kwa kuwa mamlaka yao hayatokani na zamu, hutokana na chanzo kingine, na chanzo hicho ndicho huamua uhai wa kazi zao.

Mfano wa kwanza ni John Sibi-Okumu wa Kenya, aliyekuwa muulizaji wa Celtel Africa Challenge kuanzia 2007. Shindano hilo lilikutanisha timu za vyuo vikuu kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine. Sibi-Okumu hakutengenezwa na kipindi hicho. Alikwisha kuwa mwalimu wa Kifaransa, mtunzi wa tamthilia na mwigizaji, na mwaka 2005 alionekana katika filamu ya The Constant Gardener. Sauti ya darasani na nidhamu ya jukwaani ndizo zilizomfanya muulizaji aaminike. Mdhamini alipojiita Zain mwaka 2008, shindano nalo lilibadili jina. Biashara hiyo ya Afrika iliponunuliwa na Bharti Airtel mwaka 2010, shindano halikudumu. Kazi ya Sibi-Okumu ilibaki, kwa kuwa haikuwa imeegemea hapo.

Mfano wa pili ni Ritha Paulsen, mwasisi na jaji mkuu wa Bongo Star Search. Inaweza kupingwa kwamba hilo ni shindano la vipaji, si la maswali, na kwamba jaji si mwendesha kipindi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linaimarisha hoja: jina linalotambulisha shindano hilo ni la mwenye kampuni inayolizalisha, si la mshika kipaza sauti. Hapa chanzo cha mamlaka ni umiliki.

Hadhira ya Arusha huonyesha gharama ya vyanzo hivyo viwili. Runinga ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na raha kuu ya mtazamaji wa mashindano ni kujibu kabla ya mshiriki. Mtazamaji wa Ngarenaro au Usa River asiyemudu Kiingereza cha chuo kikuu angeweza kuifurahia sauti ya Sibi-Okumu, lakini si kujibizana naye. Bongo Star Search limemfikia kwa Kiswahili, na usaili wake umefanyika Arusha. Hata hivyo, mshiriki anayefuzu hulazimika kushuka Dar es Salaam kwa hatua zinazofuata. Katika hali zote mbili, hadhira haisemi "Tega!" wala haina mji wa kutoa.

Ulinganisho huu una mipaka yake: kitendawili hakina mdhamini wala zawadi ya fedha. Hata hivyo, unaonyesha pengo ambalo sifa za waendeshaji hulificha. Kati ya mifano hii miwili, hakuna unaoandaa mrithi. Elimu ya Sibi-Okumu hairithiwi kwa kutazama, na umiliki wa Paulsen haugawanywi kwa zamu. Tathmini ya kazi hizi isiishie kwenye ufasaha wa mwendeshaji. Iulize pia ni nani aliyempa ruhusa ya kutega, na kama ruhusa hiyo inaweza kumfikia mwingine.