Aliyepita Usiku Kathiani

Mbuzi akikutwa amekufa zizini asubuhi, hapa kwetu Kathiani, Ukambani, jina la kwanza kutajwa ni la fisi. La pili ni la chui. Mbwa wa jirani hutajwa mwishoni, au hatajwi kabisa, kwa kuwa mbwa ana mwenyewe na fisi hana wa kumtetea. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wachache wanaoinama kutazama chini kabla ya kufungua kinywa. Kusoma nyayo ni ufundi, na kwetu sisi ni ufundi wa haki.

Nchi yetu inaufaa. Chini ya milima ya Iveti mashamba yamekatwa matuta, na kingo za matuta ndizo njia za wanyama wa usiku. Mito yetu ni ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka maji hujificha chini na juu pakabaki pakavu. Mchanga uliokauka kabisa hubomoka ukaacha vishimo visivyo na sura, lakini ule wenye unyevu kidogo, baada ya manyunyu, huhifadhi hata alama ya ukucha. Kazi hii ni ya mapema, kabla ya saa mbili, jua likiwa bado chini. Simama mahali ambapo wayo uko kati yako na jua, na kila ukingo wake utakuwa na kivuli. Saa sita mchana utaupita wayo uleule usiuone.

Kwanza tafuta makucha. Chui, kama paka-mwitu, huyaficha anapotembea, kwa hiyo wayo wake ni wa mviringo na hauna ncha mbele ya vidole. Mbwa na mbweha huyaonyesha. Fisi naye huyaonyesha, ila yake ni butu. Na tena, miguu yake ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma, nacho kitanga chake kimekaa upande, kama kilichokanyagwa kwa haraka. Baada ya hapo utazame mzoga. Fisi hula hadi mifupa, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa hiyo. Mbwa wakiingia zizini mara nyingi hung'ata huku na huku, miguuni, masikioni, mapajani, wakaua wengi na kula kidogo.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inatambua fidia kwa mfugaji aliyeuliwa mifugo na wanyama kama fisi na chui. Mbwa wa kufugwa hamo. Anayemsingizia fisi hupoteza siku akifuata fidia isiyo yake, na mbwa wale wanarudi usiku unaofuata. Mara nyingine huwekwa nyama ya sumu, akafa mbweha asiye na hatia, na tai aliyeila mizoga akafa pia.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alikuwa na namna yake ya kutufundisha tulipokuwa wadogo. Ukikimbia kwake ukisema, "Babu, nimeona fisi," alikujibu, "Sijakuuliza jina. Umeona nini?" Ukaanza upya: vidole vinne, kucha zipo, mguu wa mbele mkubwa, anaelekea mtoni. Jina alilitoa mwenyewe mwishoni, na kuna siku hakulitoa. Kwangu mimi hapo ndipo penye utukufu wa ufundi huu: kulichelewesha jina.

Na ukizoea kuangalia, unagundua majirani usiowahi kuwaona. Sungura hurusha miguu ya nyuma ikatua mbele ya ile ya mbele. Nyegere huacha vidole vitano, na makucha marefu ya mguu wa mbele yakachoma udongo mbali na vidole. Muhanga hutoboa kichuguu shimo linaloweza kumeza mtoto. Fungo hurudi kujisaidia palepale kila mara, na katika kinyesi chake utakuta mbegu za matunda na vipande vya jongoo, ambaye wengi humkwepa. Nungunungu hukuachia mwiba, na shimo mahali palipokuwa na muhogo.

Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977, wengi walidhani ujuzi wa wawindaji wa Ukambani hauna kazi tena. Lakini jicho la kusoma ardhi halihitaji mshale. Kamoya Kimeu, Mkamba mwenzetu, mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na mawe yaliyokizunguka. Kutoka hapo ikapatikana mifupa mingi ya mvulana aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita. Wengine wangekikanyaga.

Basi ndugu msomaji, ukiamka ukakuta zizi limevamiwa, wazuie watu na kuku. Wayo ulio safi ufunike kwa karai. Weka kiberiti kando yake kuonyesha ukubwa, upige picha kutoka juu, kisha uwaite maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Jina wape baadaye. Kwanza waambie ulichokiona.