Pampu ndani ya kiwele

Kwenye chupa ya ivermectin ya sindano kuna onyo ambalo mfugaji hapaswi kulipita: dawa isitumike kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu. Sababu inayotajwa kila siku ni mafuta. Dawa hiyo hupenda mafuta, maziwa yana mafuta, basi humo ndimo inamokaa. Ni kweli, ila maelezo hayo yanakifanya kiwele kionekane chujio lililokaa tu, wakati seli zake zinafanya kazi ya kubeba.

Mwaka 2005 watafiti wa taasisi ya saratani ya Uholanzi, mjini Amsterdam, walionyesha kwamba wakati wa kunyonyesha, seli za matiti ya panya, ng'ombe na binadamu huongeza sana protini iitwayo ABCG2. Protini hiyo ni pampu. Ilijulikana kwanza kwenye seli za saratani ya matiti zilizokuwa zikitema dawa zilizokusudiwa kuziua. Katika kiwele imekaa upande wa maziwa, kwa hiyo inachokitema huishia kwenye ndoo.

Ili kuipima pampu ya ng'ombe peke yake, huko Leipzig, Ujerumani, na kwingineko, maabara zilichukua jeni yake na kuipandikiza kwenye seli za figo ya mbwa. Mbwa anaingiaje hapa? Seli hizo hujipanga zikabanana kama vigae, zisiache mwanya wa dawa kupenya kinyemela. Huoteshwa juu ya utando wenye vitundu, katika kikombe kilichotumbukizwa ndani ya kikombe kingine: chini ni upande wa damu, juu ni upande wa maziwa. Dawa ikitiwa chini, hupimwa iliyofika juu, kisha hesabu hulinganishwa na ya seli zisizopandikizwa jeni.

Kipimo kingine kinaonekana kwa macho, chini ya darubini. Rangi ya Hoechst 33342 hung'aa buluu ikishika DNA. Seli yenye pampu huitema, ikabaki na giza. Ongeza dawa ya minyoo; seli ikianza kung'aa, ujue dawa hiyo imeishughulisha pampu au imeiziba.

Kikombe si ng'ombe, ndiyo maana hatua ya panya ilikuwa ya lazima. Panya walioondolewa pampu walipopewa moxidectin, dawa nyingine ya minyoo, maziwa yao yalikuwa na dawa kidogo kuliko ya wenzao, ikilinganishwa na iliyokuwa kwenye damu.

Je, pampu izibwe basi, maziwa yabaki safi? Hapo ndipo pagumu. Pampu hiyohiyo ndiyo inayopeleka vitamini B2 kwenye maziwa. Panya wasio nayo walitoa maziwa ambamo vitamini hiyo, katika umbo lake la kawaida, ilishuka mno. Mlango ni mmoja, na ndama anausubiri.