Boti Zisizoelea: Uhakiki wa Mabaki ya Zege katika Vilima vya Mchanga vya Braunton Burrows

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, shairi au tamthilia. Makala hii inahakiki kitu ambacho hakikuandikwa: sakafu za zege zilizolala katika vilima vya mchanga vya Braunton Burrows, pwani ya kaskazini ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Zilijengwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ili askari wajifunze kushuka kutoka kwenye boti na kuushambulia ufuo unaolindwa na adui. Ninadai kwamba mabaki haya husomwa vibaya. Husomwa kama utangulizi wa ushindi, ilhali yenyewe ni ushahidi wa wakati ambapo hakuna aliyejua mwisho wa kisa.

Tuanze na historia yenyewe. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilifungua kituo cha mafunzo ya mashambulizi ya ufuoni, makao yake makuu yakiwa Woolacombe, chini ya Luteni Kanali Paul W. Thompson, aliyekuwa mhandisi wa jeshi. Eneo hilo lilifaa kwa sababu mchanga wake, mteremko wa ufuo wake, pamoja na kujaa na kupwa kwa maji, vilifanana na hali ya Normandy, Ufaransa. Mafunzo yalianza Septemba 1943. Kikosi cha kwanza kufunzwa kilikuwa Rejimenti ya 116 ya askari wa miguu, kutoka Divisheni ya 29. Rejimenti hiyohiyo ilitua katika ufuo wa Omaha tarehe 6 Juni 1944, na kombania yake ya kwanza iliangamizwa karibu yote muda mfupi baada ya kushuka majini.

Kilichobaki Braunton si kingi. Kuna sakafu za zege zenye umbo na ukubwa wa boti za kushushia askari, upande wa mbele ukiteremka kama mlango wa boti ulioshushwa. Kuna kuta nene zilizokuwa shabaha za makombora ya bazuka. Kaskazini kidogo, kwenye rasi ya Baggy Point, kuna vingome vya bandia vya zege ambavyo askari walijifunza kuvishambulia. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichokuwa silaha. Vyote ni mfano wa kitu kingine kilichokuwa mbali, ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo uhakiki unapoanza. Kwa nini mtu ajenge boti ya zege nchi kavu? Jibu liko katika mpangilio wa watu. Katika kituo hiki kundi la shambulio lilipangwa kuwa na askari wapatao 30, wanaotosha boti moja. Miongoni mwao walikuwamo wenye bunduki, wakata seng'enge, wapiga bazuka, mtu wa mtambo wa kurusha moto na watega baruti. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake ndani ya boti na zamu yake ya kutoka. Juu ya zege kundi liliweza kurudia zoezi hilo mara nyingi bila kungoja maji kujaa wala boti kufika. Kwa hiyo sakafu hizi ni kama jukwaa la mazoezi ya tamthilia: mwigizaji anajifunza asimame wapi, atoke lini, amfuate nani.

Lakini ulinganisho huu una mpaka, na mpaka huo ndio wenye maana zaidi. Boti ya zege haiyumbi. Haimtapishi mtu, hailowi, haisukumwi na mkondo. Omaha mambo yote hayo yalitokea. Askari walifika wakiwa wamechoka kwa kichefuchefu, boti nyingi zilisukumwa mbali na mahali zilipopangiwa, makundi yakachanganyika, viongozi wakaanguka mapema. Mpangilio uliojifunzwa kwa miezi ulivunjika ndani ya dakika chache. Waliofanikiwa kupanda miinuko iliyo nyuma ya ufuo walikuwa mara nyingi makundi madogo ya watu waliokutana palepale. Bila shaka mafunzo yaliwasaidia. Mtu aliyewahi kukata seng'enge mara nyingi huikata hata akiwa na watu asiowajua. Hata hivyo, zege la Braunton linatuonyesha pamoja kile kilichoweza kufundishwa na kile kisichoweza. Mhakiki anayetaja la kwanza tu amesoma nusu ya matini.

Tulinganishe na kumbukumbu nyingine ya Devon. Huko Torcross, pwani ya kusini, kimesimama kifaru cha Marekani kilichozama wakati wa mazoezi na kuopolewa baharini mwaka 1984. Kimekuwa ukumbusho wa askari na mabaharia zaidi ya 700 waliokufa Aprili 1944, wengi wao pale boti za Kijerumani za kurusha torpedo ziliposhambulia msafara wao wakiwa mazoezini. Kifaru hicho kinafanya kazi yake vizuri: mtu anafika, anasimama, anaomboleza. Lakini ni silaha halisi, na silaha halisi huvuta macho kwa ukubwa wake. Zege la Braunton halivuti macho. Liko chini, karibu usawa wa nyasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukiinama unaona kitu ambacho kifaru hakikuonyeshi, yaani urefu na upana wa nafasi ambamo watu 30 walibanana wakijifunza kutoogopa. Katika hili kitu cha bandia kinasema ukweli ambao kitu halisi hakiusemi.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya wapenda mazingira. Braunton Burrows iliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za baiolojia mwaka 1976, na thamani yake iko katika mimea na viumbe wanaohitaji mchanga unaotembea. Je, zege lina haki gani hapo? Nadhani swali limeulizwa kwa makosa. Vilima hivyo vyenyewe vina alama ya vita: magari na milipuko viliviharibu, na baada ya vita watu walipanda nyasi za pwani ili kuutuliza mchanga. Asili na historia zimeshonana mahali hapa, na kufumua moja ni kuharibu nyingine.

Pingamizi ya pili ni ya wapenda historia, wanaotaka mabaki yatengenezwe upya ili yaonekane kama boti kamili. Ninaelewa hofu yao: zege hupasuka, vichaka huota, na kisichoonekana husahauliwa. Hata hivyo, boti iliyokamilishwa itageuka sanamu ya ushindi. Itamwonyesha mtalii askari shujaa anayekimbilia Normandy, na itamficha kijana aliyerudia hatua zilezile kwenye baridi ya majira ya kupukutika bila kuambiwa anapelekwa wapi. Itawaficha pia waliokufa mazoezini palepale Devon, baharini na kwa risasi za moto, ambao hawakuwahi kuiona Ufaransa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mabaki yapimwe na kupigwa picha kabla mchanga na mizizi havijamaliza kazi yake. Vichaka vikatwe pale tu vinapopasua zege. Maelezo kwa wageni yaanze na Septemba 1943, si Juni 1944, na yawataje waliokufa wakijifunza. Tukianza na Juni tayari tunajua nani alishinda, na kila kitu kilichotangulia kinaonekana kama hatua ya lazima kuelekea ushindi. Tukianza na Septemba tunabaki na watu 30 waliopangwa kwenye sakafu ya zege, wakisubiri amri ya kutoka.