Ufundi wa Kuitenga Zinki na Mrututu

Chovya kipande cha zinki katika maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, kisha subiri. Rangi ya buluu inafifia, zinki inavaa utando mwekundu unaopukutika, na ukishika chombo unahisi kimepata joto. Utando ule ni shaba. Kila atomu ya zinki imetoa elektroni mbili, ioni ya shaba iliyokuwa majini imezipokea papo hapo, na nishati yote iliyotoka imegeuka joto. Gramu 65 za zinki zikimalizika hivyo hutoa kilojuli 217 hivi, zinazotosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji. Joto hilo huishia hewani bila kumfaa mtu.

Mwaka 1836 John Frederic Daniell, profesa wa kemia katika King's College, London, aliupangia mmenyuko huo njia. Aliweka zinki huku, mrututu kule, na ukuta katikati. Elektroni zikakosa njia ya mkato, zikalazimika kuzunguka kwa waya wa nje, na safari hiyo ndiyo umeme. Mkondo ukichotwa taratibu, karibu nishati ile yote, kilojuli 212 hivi, inaweza kutoka kama umeme, kwa msukumo wa volti 1.1.

Ugumu wote uko kwenye ukuta. Usipopitisha chochote, umeme unakatika mara moja, kwa kuwa upande wa zinki unajaa chaji chanya na upande wa shaba unabaki na chaji hasi. Ukipitisha kila kitu, tumerudi kwenye joto la bure. Kilitakiwa kitu kinachoruhusu ioni zipenye huku kikizuia maji ya pande mbili yasichanganyike. Daniell alitumia umio wa ng'ombe. Nauheshimu sana uamuzi huo: palipohitajika utando mwembamba wenye subira, alikubali ule ambao mwili wa mnyama ulikwisha kuutengeneza. Baadaye chungu cha udongo kisichopakwa glezi kilichukua nafasi yake.

Ndani ya umio ilisimama fimbo ya zinki katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Nje yake palikuwa na mrututu, na chombo chenyewe kilikuwa cha shaba, kikifanya kazi mbili kwa pamoja. Hapo ndipo penye uzuri ninaoustaajabia zaidi. Betri ya Alessandro Volta, iliyotangazwa mwaka 1800, ilichoka upesi kwa sababu viputo vya haidrojeni vilikusanyika juu ya shaba na kuziba njia ya mkondo. Daniell hakuhangaika kuvifuta viputo. Aliondoa sababu ya kutokea kwake. Katika betri yake, kinachozaliwa kwenye shaba ni shaba. Inatua juu ya mwenziwe, na uso unabaki kuwa uleule saa ya kwanza na saa ya kumi.

Mrututu nao hupungua kadiri mkondo unavyopita. Akaweka kichujio chenye matundu karibu na kinywa cha chombo, akakijaza chenga za mrututu, zikawa zinayeyuka zenyewe kila maji yanapopauka. Fimbo ya zinki ilipakwa zebaki, ili uchafu uliomo ndani yake usiifanye iliwe na asidi hata waya ukiwa umefunguliwa. Mwaka 1837 Royal Society ilimtunuku Medali ya Copley.

Uthabiti huo ndio uliotakiwa na telegrafu. Mafundi waliofuata waliondoa hata chungu: maji mazito ya mrututu yalikaa chini, maji mepesi ya salfeti ya zinki yakaelea juu, na mpaka wa rangi ulionekana kupitia kioo. Betri hiyo haikutaka kutikiswa, wala haikutaka kupumzishwa. Mkondo usipopita, buluu hupanda polepole mpaka ikaifikia zinki, na shaba huanza kuganda pale pale. Ndiyo maana ilifaa kwa laini zilizopitisha umeme mchana na usiku, na fundi alipoona buluu imepanda mno, aliunganisha ncha mbili za betri kwa waya mpaka buluu ishuke.