Uso wa Mchoraji, Jina la Mtakatifu Katarina

Katika makanisa yetu ya Lubumbashi watakatifu wana nyuso za watu tusiowajua. Lakini je, mchoraji akimpa mtakatifu uso wake mwenyewe, si majivuno? Artemisia Gentileschi, mwanamke wa Roma, alifanya hivyo huko Firenze yapata mwaka 1615 hadi 1617. Alijichora kuwa Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, bikira mfiadini wa Afrika yetu, ambaye sikukuu yake ni tarehe 25 Novemba.

Picha haifiki mita moja kila upande. Kichwani pana taji. Mkono wa kuume washika tawi la mtende karibu na kifua. Wa kushoto umetulia juu ya gurudumu lenye misumari, nalo limevunjika. Macho yatutazama sisi, hayatazami mbinguni, na hapo ndipo wengine wakwazwapo. Kusema kweli, kwa picha ya sala uso huu ni mkavu kidogo. Mikono ndiyo isemayo.

Mwaka 1612 baba yake Orazio, naye mchoraji, alimshtaki Agostino Tassi kwa kumnajisi binti huyo mwaka uliotangulia. Mahakamani Artemisia alifungwa kamba vidoleni, zikakazwa, ili ijulikane kama asema kweli. Fikirini: vidole vya fundi wa brashi! Hakubadili neno. Tassi alihukumiwa, lakini adhabu haikutekelezwa.

Vidole vile vile ndivyo vinavyogusa hapa gurudumu la mateso pasipo kutetemeka. Katarina, kama mapokeo yasimuliavyo, aliwajibu wanafalsafa hamsini wa mfalme; Artemisia aliwajibu mahakimu. Basi sisi hatuoni majivuno. Twaona mtu aliyemwita mtakatifu awe shahidi wake.

Mwaka 1616 akademia ya wachoraji ya Firenze ilimpokea, mwanamke wa kwanza. (Kwetu Katanga, Antoinette Lubaki wa Bukama alichora kwa rangi za maji tangu miaka ya 1920, na hata leo jina lake hutajwa nyuma ya la mumewe Albert. Lastahili kutajwa peke yake.)

Jumba la National Gallery la London lilinunua picha hii mwaka 2018 kwa pauni milioni 3.6. Mwaka 2019 waliitoa ukutani wakaitembeza: maktaba ya wanawake ya Glasgow, shule ya Kikatoliki ya wasichana huko Newcastle, hata gereza la wanawake. Huko gerezani tungalipenda kusimama nyuma ya wale akina mama, tuone wanavyotazamana naye.