Core i7, RAM 16GB, kadi 4GB: uhakiki wa tangazo la kompyuta ya gemu

Leo hatuhakiki kitabu, tunahakiki tangazo. Kama uko kwenye magrupu ya WhatsApp ya kuuza na kununua, au unafuatilia kurasa za maduka ya Kariakoo kule Instagram, ushakutana nalo: "Kompyuta ya gemu! Core i7, RAM 16GB, HDD 1TB, kadi ya grafiki 4GB. Inapiga gemu zote. Bei inbox." Pembeni kuna picha ya kasha la kioo lenye feni za taa za rangi.

Hatutaji duka, kwa sababu maneno haya si ya duka moja. Huu ni mtindo mzima wa uandishi, na una kanuni zake. Wanaousoma ni vijana wa Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju waliodunduliza miezi kadhaa, au wanafunzi wanaomaliza boom lote kwa mkupuo. Hela ikishatoka, kuirudisha ni kazi. Kwa hiyo tangazo hili linastahili kusomwa kwa umakini kama andiko lingine lolote linalotuomba tuliamini.

Tunachosema sisi ni hiki: kila neno la tangazo linaweza kuwa kweli na bado ukapotea. Linataja vitu vinavyohesabika kirahisi, linanyamazia vile vinavyoamua.

Tuanze na "Core i7". Hilo ni jina la daraja, si kipimo cha kasi. Intel wamelitumia tangu 2008, kizazi baada ya kizazi. Core i7-2600 ya 2011 ina viini vinne vinavyoweza kushughulikia kazi nane kwa pamoja. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina viini vinne na kazi nane vilevile, ila kila kiini chake kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa. Kwa hiyo "i3 ya chini" inaiacha mbali "i7 kubwa". Kuambiwa i7 tu ni kama kuambiwa "nauza Noah" bila kutajiwa mwaka. Unachotakiwa kudai ni namba iliyo baada ya kistari. Ikiwa na tarakimu nne kama 2600, ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiwa na tano kama 12100, soma mbili za mwanzo. Hili lina uzito zaidi sasa, maana Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8.

"RAM 16GB" ndiyo sehemu yenye kosa dogo kuliko zote. Inatosha kwa gemu nyingi. Kilichofichwa ni kama ni kijiti kimoja cha 16 au viwili vya 8. Kwenye madabodi nyingi za mezani vijiti viwili hufungua njia mbili za data kwa wakati mmoja. Ukitumia kompyuta isiyo na kadi, inayotegemea grafiki ya ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G, tofauti hiyo utaiona kwa macho, kwa sababu grafiki hiyo hula RAM ileile.

Sasa "kadi ya grafiki 4GB". Hapa ndipo tangazo linapoharibu zaidi. GB ni ukubwa wa ghala, haikuambii mlango una upana gani. GT 730, kadi iliyotoka 2014, ina toleo la DDR3 lenye njia ya biti 64 linalopitisha GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1650 ya 2019, yenye 4GB pia, ilitoka ikipitisha GB 128 kwa sekunde. Ni karibu mara tisa! Na hapo hatujagusa uwezo wa chipu zenyewe. Kwenye tangazo zote mbili zinaandikwa "4GB". Wakati huohuo EA SPORTS FC 24, gemu la mpira ambalo nusu ya wanunuzi wanalitaka, liliweka GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini kabisa na kuomba nafasi ya GB 100. Mwenye GT 730 aliyeambiwa "inapiga gemu zote" atagundua ukweli baada ya kumaliza bando.

Hata jina kamili la kadi linahitaji macho. RX 580 ya 2017 ina vitengo vya kukokotoa 2304. Kuna nyingine inaitwa RX 580 2048SP, na kama jina linavyosema, ina 2048. Kadi za aina hii zilitumika sana pia kuchimba sarafu ya Ethereum, mpaka mfumo huo ulipoacha uchimbaji Septemba 2022 na kadi nyingi zikaingia sokoni kama mitumba. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana. Dawa ni kuijaribu ikiwa na mzigo kwa nusu saa. Kuiona imewaka tu haitoshi.

Tuje kwenye ukimya wa tangazo. Pawa saplai haipo hata kwa neno moja, wakati ndiyo kifaa kinachosimama kati ya soketi yako na kila kitu ulichonunua.

RX 580 peke yake imepangiwa wati 185. Sasa geuza pawa saplai usome kibandiko. Tuseme pembeni kimeandikwa kwa herufi kubwa "500W", halafu kwenye mstari wa 12V kuna ampea 15. Zidisha: 12 mara 15 ni wati 180. Kadi na prosesa vinakula karibu kila kitu kutoka mstari huo, kwa hiyo hizo 500 ni za mapambo. Na ukiona nembo ya 80 PLUS, ni jambo jema, lakini inapima ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani haupotei kama joto. Haikuhakikishii kwamba kifaa kitajizima salama umeme ukichafuka.

Na sisi umeme kuchafuka tunaujua. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, jioni watu wote wamewasha pasi na friji, hupata volti pungufu. Mashine inayovuta wati 300 kwa volti 230 inachukua ampea 1.3. Volti zikishuka hadi 170, inachukua karibu 1.8 ili kupata wati zilezile, na joto kwenye nyaya hupanda kwa karibu asilimia 80, kwa kuwa linafuata mraba wa mkondo. Pawa saplai iliyoandikwa "100–240V" imeundwa kuvumilia mteremko huo. Ile ya bei chee yenye swichi ndogo nyekundu ya 115/230 hutegemea volti zikae karibu na 230. Umeme ukikatika kabisa, kiwango cha ATX kinataka pawa saplai ishikilie takriban milisekunde 16, pungufu ya wimbi moja la umeme wetu wa 50Hz. Muda huo ndio UPS inautumia kuingia kazini. Kama pawa saplai haiufikishi, UPS yako itawaka na kompyuta itazima vilevile.

Kitu cha pili kilichonyamaziwa ni joto, na hapa lawama tunawagawia pia wakaguzi wa YouTube wa Ulaya na Marekani. Orodha zao ni nzuri, ila nyingi zimepimwa kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Feni hupuliza hewa ya chumbani, haina uwezo wa kupooza kifaa chini ya joto la hewa hiyo. Chipu iliyozidi chumba kwa nyuzi 45 itakuwa na 66 kwao. Januari, kwenye chumba cha Tandika chenye nyuzi 33, ni 78. Kasha la kioo mbele linapendeza kwenye picha, lakini linabana hewa. Kasha la wavu, hata la kizamani, linakufaa zaidi.

Cha tatu ni LUKU. Mashine ya wati 300, saa 4 kwa siku, ni uniti 36 kwa mwezi. Ya wati 175 ni uniti 21. Kwa viwango vilivyoanza 2016, mteja wa kundi la D1 ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hulipiwa zaidi ya mara tatu. Gemu la kijana linaweza kuitoa nyumba nzima kwenye bei nafuu, na anayelipa ni mama.

Tuwe wa haki. Wauzaji hawa ndio wametufikishia kompyuta za mtumba za ofisini, na hizo si takataka. Dell OptiPlex 7010 ya mnara ina pawa saplai ya kiwandani ya wati 275, kazi ya watu makini. Ukiipa GTX 1650 ya toleo lisilohitaji waya wa ziada, kadi hiyo inapata umeme wote kupitia sloti, ambayo mwisho wake ni wati 75. Prosesa yake ni ya zamani na Windows 11 rasmi haipati, lakini kwa GTA V inatosha sana. Ukibahatika kupata ya kizazi cha 8, umepata msingi wa kukaa nao miaka.

Muuzaji naye ana utetezi wake: "Wateja wenyewe wanauliza i7 na GB tu." Ni kweli kabisa. Tangazo limeandikwa kwa kufuata maswali yetu, kwa hiyo tubadilishe maswali. Kabla ya kutuma hela uliza matano: Bosi, prosesa ni namba gani kamili? Kadi ni jina gani kamili? RAM ni vijiti vingapi? Nitumie picha ya kibandiko cha pawa saplai. Naweza kuja kuijaribu na gemu kwa nusu saa?

Akikujibu yote, kaa naye mzungumze bei. Akisema "we chukua tu, inapiga zote", mshukuru, sogea duka la pili.