Redio Inayosikia kwa Shida Angani: Antena, Kebo au Kelele?

Ndege aliyojiundia mtu mwenyewe ikishaanza kuruka, lalamiko la redio halichelewi. Karibu na uwanja mnara unasikika vizuri. Kilomita thelathini mbele, sauti ya mwongoza ndege inaanza kumezwa na mkoromo, na wakati huohuo ndege nyingine zilizo eneo lilelile zinazungumza na mnara bila taabu. Wengi hukimbilia kununua redio mpya. Ni gharama kubwa, na mara nyingi haitibu kitu, kwa sababu redio za ndege zinazouzwa siku hizi, hata zile za bei ya chini, zina uwezo wa kutosha wa kupokea. Kasoro huwa nje ya redio: kwenye antena, kwenye kebo inayounganisha antena na redio, au kwenye vifaa vingine vya umeme vilivyomo ndani ya ndege hiyohiyo.

Uchunguzi basi uanze na swali moja, kabla mtu hajashika bisibisi. Je, mawimbi yanayofika kwenye redio ni dhaifu, au ni kelele iliyozidi? Masikioni mwa rubani mambo haya mawili yanafanana. Mtu akinong'ona chumbani anasikika. Akinong'ona vilevile kando ya mashine ya kusaga hasikiki, ingawa sauti yake haijapungua hata kidogo. Anayehangaika na antena wakati tatizo lake ni kelele atatumia fedha na miezi bure.

Tena kelele ina namna ya kujificha. Redio nyingi za kisasa zina kizuia mkoromo, yaani skwelchi, ambacho hulinganisha mawimbi yanayoingia na kelele iliyopo, kisha hufungua sauti pale tu mawimbi yanapoizidi kelele kwa kiwango fulani. Kelele ndani ya ndege ikipanda, vituo vya mbali havifungui tena skwelchi. Rubani hasikii mkoromo wowote; anasikia kimya, naye anasema redio imekuwa kiziwi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuifungua skwelchi kwa mkono na kusikiliza kilichoko nyuma yake.

Redio za mawasiliano ya ndege za kiraia hufanya kazi kati ya megahezi 118 na 137, na sauti hubebwa kwa mtindo wa AM. Mtindo huo haukubaki kwa ukale tu. Marubani wawili wakizungumza kwa pamoja, mnara husikia mlio wa kugongana na kujua kuna mwingine anaita, ilhali kwenye FM mwenye nguvu angemfunika mwenzake kabisa. Lakini AM husoma kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi, na cheche ya plagi au mipigo ya chaja ya simu ni hicho hasa: nguvu inayopanda na kushuka. Kila kelele ya umeme ndani ya ndege ina njia nyeupe ya kuingia masikioni.

Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mwinuko wa ndege ndio unaoweka mpaka. Penye ardhi tambarare, ndege iliyo mita 300 juu ya antena ya mnara ina upeo wa takriban kilomita 71. Ikipanda hadi mita 1,200 upeo unakuwa kama kilomita 143. Anayelalamika kwamba hasikii uwanja ulio kilomita 100 akiwa mita 300 hana ubovu wowote. Mviringo wa dunia umeingia kati yake na uwanja. Lalamiko lisilotaja mwinuko, umbali na uelekeo wa ndege halichunguziki.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu hata senti moja, nami nakipa uzito kuliko vifaa vyote. Antena na kebo hufanya kazi sawasawa katika kutuma na katika kupokea: kinachopotea njiani upande mmoja kinapotea vilevile upande wa pili. Basi muulize mwongoza ndege anakusikiaje. Akikusikia vizuri kutoka mbali huku wewe humsikii, antena yako na kebo yako ni nzima, na mashaka yahamie kwenye kelele, au mwisho kabisa kwenye kipokezi chenyewe. Kama hamsikiani pande zote mbili, antena na kebo ndizo za kufunguliwa. Na kama wewe unamsikia vizuri ila yeye hakusikii, angalia kipaza sauti, nyaya zake, na volti zinazofika kwenye redio wakati wa kutuma. Jibu la mtu mmoja mnarani huondoa nusu ya kazi.

Namna ndege ilivyoundwa ndiyo huamua wapi pa kuanzia, na hapa historia inasaidia. Mwaka 1975, huko California, Burt Rutan alirusha VariEze, ndege ndogo ya viti viwili ya povu lililofunikwa kwa fiberglasi, na mwaka 1979 ikafuata Long-EZ. Watu wengi walinunua michoro yake na kuziunda majumbani. Ndege ya alumini, tofauti na hizo, inampa mjenzi zawadi asiyoiomba: bati la mwili wake hutumika kama nusu ya pili ya antena. Ufito unaochomoza nje una urefu wa kama robo ya wimbi, sentimita 56 hivi, na bati lililo chini yake hukamilisha kilichobaki. Fiberglasi haina bati. Ufito uleule ukisimamishwa juu yake bila kuwekewa kitako cha chuma unabaki nusu antena.

Mhandisi wa redio Jim Weir alilitatua jambo hilo kwa utepe wa shaba. Vipande viwili, kila kimoja kama sentimita 51, vinabandikwa kwa mstari mmoja na kufunikwa na fiberglasi yenyewe, kebo ikilehemiwa katikati. Kwa kuwa fiberglasi huyapitisha mawimbi, antena hufanya kazi ikiwa imefichwa, na hewa haikutani na kitu chochote kinachochomoza. Kwenye ndege hizo za Rutan, antena ya mawasiliano iliwekwa kwenye vibawa vinavyosimama wima kwenye ncha za mabawa, kwa sababu mawimbi ya mnara nayo yamesimama wima, na antena iliyolala hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Karibu na pale kebo inapoungana na shaba, Weir alivisha kebo pete chache ndogo za feraiti. Pete hizo huzuia umeme wa redio kutembea kwenye ngozi ya nje ya kebo. Bila hizo, kebo nzima hugeuka kuwa sehemu ya antena, na kwa kuwa kebo hiyo inapita kando ya dashibodi, huokota kelele zote za huko na kuzipeleka kwenye redio pamoja na sauti ya mnara.

Ni kazi ya akili nyingi, lakini ina masharti, na masharti hayo huvunjwa miaka baadaye na mtu aliyeyasahau. Mwenye ndege anaongeza taa za LED kwenye ncha za mabawa, na waya wa taa unapita sambamba na utepe wa shaba, sentimita chache tu kutoka nao. Au anaimarisha sehemu kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni, ambacho hupitisha umeme na kwa hiyo huziba mawimbi. Au anapaka rangi yenye chembe za chuma. Hakuna aliyeigusa redio, na redio imeanza kusikia kwa shida.

Kwenye ndege ya bati ubovu ni wa kawaida zaidi: rangi au kutu kati ya kitako cha antena na bati. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena, zuia maji yasiingie.

Kisha kuna viunganishi vya BNC kwenye miisho ya kebo, na hapa ndipo ningetumia saa ya kwanza ya kazi yoyote ya mikono. Kivute kiunganishi taratibu; kisicheze wala kuzunguka juu ya kebo. Kitazame kwa mbele: sindano ya katikati iwe na kimo sawa na za viunganishi vingine, isiwe imezama ndani. Ukikifungua, tafuta uzi mmoja wa ile nyavu ya shaba uliobaki nje wakati wa kubana. Uzi mwembamba kama unywele ukigusa sindano ya katikati unaua mapokezi, na ukigusa mara moja moja kutokana na mtikisiko wa injini unaleta ubovu unaoonekana angani na kutoweka bandani. Kwa mita ya umeme, kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili, sindano iungane na sindano, nyavu na nyavu, na kati ya sindano na nyavu pasiwe na muunganiko wowote. Kebo ichomolewe kweli, maana baadhi ya antena zimeundwa ili mita izione kama zimeshoti, nazo ni nzima. Na nyaya zitikiswe wakati wa kupima.

Kebo yenyewe hulaumiwa kuliko inavyostahili. Mita sita za RG-58 ya zamani hupoteza takriban desibeli moja, yaani moja ya tano ya nguvu. RG-400 ni bora, hustahimili joto na ina nyavu mbili za kinga, lakini kubadilisha kebo nzima peke yake hakugeuzi redio kiziwi kuwa yenye masikio. Hivyo hivyo kwa kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, ambacho kimekuwa rahisi tangu vipimio vidogo vya NanoVNA vilipoenea kuanzia mwaka 2019. SWR ya 3 huwatia watu hofu, lakini maana yake ni kwamba robo ya nguvu inarudishwa. Sikio halitaona tofauti kubwa. Ukipata 10 au zaidi, hapo kuna kitu kimekatika. Wanaohangaika wiki nzima kuishusha kutoka 2 hadi 1.5 wanatibu kisichouma.

Kelele ndiyo inayohitaji subira. Kipimo bora ni kiunganishi chenye ukinzani wa ohm 50 ndani yake. Chomoa antena nyuma ya redio, pachika kiunganishi hicho, fungua skwelchi na washa kila kitu. Kelele ikitoweka, ilikuwa inaingia kwa njia ya antena. Ikibaki vilevile, inaingia kwa nyaya za umeme au za sauti, na hakuna antena duniani itakayoiponya. Usibonyeze kitufe cha kutuma wakati huo, kwa sababu kiunganishi kidogo cha aina hiyo hakihimili nguvu ya redio.

Baada ya hapo rudisha antena, injini ikiwa imezimwa, na chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukisikiliza. Rudia kwenye masafa kadhaa, kwa kuwa kelele za skrini na chaja hukaa kwenye masafa fulani na kuyaacha mengine safi. Redio ya mkononi yenye betri yake ni mpelelezi mzuri: isogeze karibu na kila kifaa, skwelchi ikiwa wazi, nayo itakuonyesha mkosaji. Mara nyingi ni chaja ya USB ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya gari, au kiendeshi cha taa za LED. Chaja ya namna hiyo haifai kuhangaikiwa, iondolewe. Mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni wa altaneta au magneto: zima altaneta kwanza, kisha sikiliza magneto moja moja, ndege ikiwa imefungwa breki na hakuna mtu karibu na pangaboi. Ndege za fiberglasi zinaumia zaidi hapa, kwa kuwa hakuna bati linaloitenganisha antena na dashibodi.

Kipimo cha mwisho kifanyike angani, kwa matangazo ya ATIS, yaani taarifa za uwanja zilizorekodiwa na kurudiwa mfululizo, ukiwa mbali kiasi kwamba sauti imeanza kufifia. Usizunguke kwa kulala ubavu, kwa sababu bawa na tumbo la ndege vitaikinga antena na kukudanganya. Ruka mistari mifupi iliyonyooka kuelekea pande nane, mwinuko uleule, na uandike unavyosikia kila upande. Udhaifu wa upande mmoja tu unaonyesha kivuli cha mguu wa gurudumu, cha injini, au cha antena ya pili iliyowekwa karibu mno. Udhaifu ulio sawa pande zote unakurudisha kwenye kebo na viunganishi vyake.